Mjomba yupo

Mpwa wangu alikuwa darasa la tatu alipopewa kazi ya kufanyia nyumbani: ataje watu anaoishi nao na kazi zao. Alilala kifudifudi kwenye mkeka pale ukumbini, akaandika kwa bidii, kisha akaniletea daftari nimtazamie makosa. Alikuwa ameandika hivi: "Bibi anauza vitumbua. Mama ni muuguzi. Kaka anasoma. Mjomba yupo."

Nilimrekebishia herufi moja iliyokaa vibaya, nikamrudishia daftari lake. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Alitazama nyumba anamoishi, akamwona bibi anaamka saa tisa usiku, akamwona mama yake anarudi kutoka zamu miguu imevimba, na kwa mtu wa nne akaandika alichokiona. Mwaka ulikuwa 2023. Nilikuwa na miaka 35.

Nilirudi Tanga mwaka 2018, na niliyemuaga Dar es Salaam nilimwambia naenda kwa wiki mbili. Mji wetu una sifa yake, waja leo waondoka leo, nami nilikuja na begi moja la mgongoni lenye nguo za wiki mbili kweli. Mkataba wangu wa muda ulikuwa umekwisha, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, nikajiambia wacha nikapumzike kwa mama, nikirudi nitakuwa na akili mpya. Begi liliwekwa juu ya kabati katika chumba cha mbele. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, nikawa nalishusha tu nikitafuta kitu, nalirudisha.

Chini ya godoro kulikuwa na bahasha ya kaki. Aliyewahi kutafuta kazi nchi hii anaijua bahasha hiyo: cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, cha kuzaliwa, nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, picha ndogo nne zenye kivuli cha buluu nyuma. Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka 2013. Juni 2014 nilikuwa mmoja wa watu zaidi ya 10,000 tulioitwa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70. Tulikaa kwenye viti vya mashabiki, kila mtu na bahasha yake mapajani, tukaandika juu ya magoti. Nilitazama upande wa pili wa uwanja, watu wakiwa wadogo kama punje za mtama, nikafanya hesabu ambayo kila mtu pale alikuwa anaifanya. Kisha nikainama nikaandika, kwa sababu lazima kuna 70 watakaopata, na kwa nini nisiwe mimi.

Siku zangu Tanga zilikuwa hivi. Naamka saa nne, wakati jua limeshaingia chumbani. Vitumbua viwili vimefunikwa kwa sahani, chai kwenye chupa. Simu. Nafungua tovuti ya ajira za serikali, nasoma matangazo mapya, nasoma na ya zamani kuona kama yameongezewa muda. Masharti mengi yanasema mwombaji asizidi miaka 45, nami nikitoa umri wangu katika 45 napata nafuu: bado, bado ipo. Adhuhuri nala. Alasiri natoka kwenda kijiweni, chini ya mwarobaini, kwenye drafti na kahawa, tukae mpaka magharibi. Usiku simu tena mpaka saa tisa hivi. Mara nyingi nilizima taa wakati mama anawasha ya uani. Tulipishana hivyo kwa miaka mitano, kama walinzi wanaopokezana lindo, na hatukuwahi kulizungumza.

Neno ambalo watu walinipa ni uvivu. Wajomba walilisema, na dada alipochoka sana alilisema. Silikubali, na si kwa kutaka kujitetea. Mvivu hupumzika. Mimi sikupumzika hata siku moja katika miaka ile. Nilikuwa nasubiri, na kusubiri kunachosha kuliko kubeba zege. Simu sikuthubutu kuizima, maana huenda wakapiga. Marafiki walipanga safari ya siku mbili Lushoto, sikwenda. Itakuwaje nikiitwa usaili nikiwa mlimani hakuna mtandao? Kitanda changu kilikatika mbao, nikakitegemeza kwa tofali, kwa sababu huwezi kununua kitanda mahali unapopita tu. Kulikuwa na binti niliyempenda, akanisubiri, akaniuliza lini, nikamwambia nikipata kazi. Akauliza tena mwaka uliofuata. Nikamjibu vilevile, na sikumlaumu alipoolewa. Kila kitu katika maisha yangu kilikaa nyuma ya maneno mawili: nikipata ndipo.

Kusubiri nilikukuta nyumbani. Baba alifanya kazi kiwandani, na kiwanda chake kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama vilivyofungwa vingi mjini kwetu. Mimi sikumjua baba anayekwenda kazini. Niliyemjua alikuwa anakaa barazani amevaa shati safi, vifungo vyote mpaka shingoni, akisubiri barua ya mafao. Wazee wenzake walikuja, wakapeana habari kwamba orodha imetoka, kwamba orodha haijatoka, kwamba mwezi ujao. Mama ndipo alipoanza vitumbua, nami nikiwa mdogo nikadhani vitumbua ni kitu cha muda, mpaka barua ije. Baba alifariki mwaka 2006. Vitumbua vya muda vimetimiza zaidi ya miaka 30.

Na mji wenyewe pia umezoea. Aliyekulia Tanga amelishwa habari za zamani pamoja na uji: kwamba mkonge uliingizwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ikafika miche 62 tu iliyo hai, na kutoka miche hiyo nchi ikaja kuvuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, kwamba reli ya kwanza ya Tanganyika ilianzia hapahapa kwetu mwaka huohuo wa 1893, kwamba mwaka 1988, mwaka niliozaliwa mimi, Coastal Union ndiyo ilikuwa bingwa wa ligi. Kisha nailoni ikaiangusha kamba ya katani sokoni, mashamba yakaota majani, na watu wakabaki na kumbukumbu nzuri na barazani pa kuisimulia. Siwalaumu. Kumbukumbu nzuri ni kitu kizito kukiweka chini.

Agosti 2017 marais wawili, Magufuli na Museveni, waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kule Chongoleani. Kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka bahari yetu. Hiyo ndiyo sababu nyingine niliyojipa ya kubaki. Kijiweni kila mtu alikuwa na bomba lake: mmoja atakuwa dereva, mwingine atapangisha vyumba kwa wageni, mimi nitakaa ofisini na hesabu. Miaka ikaenda, kazi zikaanza kweli, na vijana ninaowajua wakapata, waliokuwa wamejifunza kuchomelea vyuma, kuendesha mitambo, kupika kwa wingi. Nilipeleka maombi yangu mara moja, nafasi ya ofisini. Nafasi nyingine sikuziomba. Niliziona haziko kwenye bahasha yangu.

Usiku, kwenye simu, niliwasikiliza sana wale wanaohubiri mafanikio. Amka mapema. Badili fikra. Ijue ndoto yako. Nilisikiliza saa nyingi kuliko nilivyowahi kusikiliza mhadhara chuoni, na nikilala nilikuwa mbaya zaidi kuliko nilivyoanza, kwa sababu ndoto nilikuwa nayo, na ilikuwa kubwa, na ndiyo iliyonikalia kifuani. Sikukosa ndoto. Nilikosa mtu ambaye ningemharibia siku nisipoamka.

Mwishoni mwa Aprili 2024, wiki mbili hivi baada ya Idi, mvua za masika zilikuwa zinapiga usiku na mchana. Uani kwetu sakafu ni ya saruji ya zamani, imelainika, ikilowa inateleza kama sabuni. Mama alitoka saa nne usiku kwenda kufunika mkaa, akaanguka, akajikinga kwa mkono wa kulia. Nilisikia kishindo nikiwa na simu usoni. Tulimpeleka hospitali na bajaji ya jirani. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika, wakamfunga hogo kutoka kwenye vidole mpaka kiwiko, wakasema wiki sita. Tulirudi saa nane usiku. Nilimsaidia kukaa kitandani, nikamwekea mto chini ya mkono, na nilipokuwa nazima taa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mchele nimeshauloweka."

Nikamwambia mama, lala, mchele utamwagwa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kilo mbili, baba? Utamwagwa?"

Hapo hakuna mengi ya kusimulia kuhusu nafsi yangu. Sikuamua kubadilika. Kilo mbili za mchele zilikuwa zimelowa kwenye ndoo, zikikaa mpaka kesho zitachacha, na mikono mizima nyumbani mle ilikuwa ya dada aliyekuwa zamu ya usiku, ya watoto wawili, na yangu.

Asiyewahi kupika vitumbua anaona ni chakula chepesi, cha kutafuna njiani. Mchele unalowekwa tangu jioni mpaka punje ikibonyezwa ivunjike kwa ukucha. Unasagwa kidogo kidogo, blenda isiungue, pamoja na tui zito, sukari, iliki iliyotwangwa, hamira. Nazi lazima ikunwe usiku uleule. Tui la jana lina harufu. Rojo lisiwe jepesi likatawanyika wala zito likakaa kama jiwe. Linafunikwa, linaachwa liumuke, saa moja au zaidi kidogo kulingana na joto la usiku. Ukichelewa linachacha, ukiwahi vitumbua vinatoka bapa. Kisha chuma chenye vishimo, mkaa, mafuta kijiko kijiko. Mama alivuta kigoda akakaa mlangoni, hogo mapajani kama mtoto mchanga, akaniongoza kwa mdomo.

Nilikalia mbuzi kukuna nazi kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto. Ya kwanza nikajikata kidole. Kwa haraka nikapasha tui moto ili rojo liumuke upesi, na mama akawa amesinzia dakika ile hakuona. Tui la moto huiua hamira. Rojo lilikaa saa nzima bila kupumua. Nilikaanga hivyohivyo. Vikatoka vigumu, vimeungua chini, vibichi kati. Kati ya vitumbua 90 ambavyo kilo mbili zilipaswa kutoa, vilivyofaa mtu kula vilikuwa 22.

Kulipokucha nilikwenda mwenyewe kwa mama wa mgahawa karibu na soko, anayechukua vitumbua 60 kila asubuhi, nikamweleza kwamba mama ameanguka na leo hakuna. Nilitayarisha maneno mengi ya kuomba radhi. Alinisikiliza huku anapanga vikombe, akampa mama pole, akasema atamtumia matunda, kisha akaniuliza neno moja tu:

"Kesho?"

Nilisimama pale. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo mtu aliniuliza habari ya kesho akiwa na haja ya jibu. Watu waliniuliza habari za maisha, za mipango, za lini nitaoa. Huyu alitaka kujua aagize maandazi kwingine au asiagize. Nikamwambia kesho vipo. Jioni nikaloweka mchele.

Siku ya pili viliokoka 50. Siku ya nne vikatosha vya mgahawa. Mama hakuwahi kusema vizuri. Alikuwa anakimega kimoja kwa mkono wa kushoto, anatafuna polepole akitazama mbele, kisha anasema, "Chumvi," kwa maana nimesahau ile chembe ndogo inayoamsha sukari, au "Iliki umeitwanga na maganda." Alinifundisha kusikiliza chuma. Unadondosha tone la rojo: likinyamaza, chuma bado, likipiga kelele, kimezidi, nyunyizia, likisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenong'ona, mimina. Alinifundisha kusubiri vitundu vitokeze juu kabla ya kugeuza. Nikagundua kwamba kuna kusubiri kwa namna nyingine, kusubiri ukiwa na uma mkononi.

Aibu ilikuwepo, sitaificha. Kwetu vitumbua ni kazi ya kina mama, na mimi ni mwanaume mwenye ndevu na shahada. Wiki ya kwanza nilipeleka ndoo mgahawani kabla ya adhana ya alfajiri, nikipita uchochoro wa nyuma ili nisipishane na wanaokwenda msikitini. Halafu mvua moja kubwa ikajaza uchochoro maji, ikabidi nipite barabara kuu, na kwenye kona nikakutana uso kwa uso na mtu ninayecheza naye drafti kila alasiri. Alitazama ndoo, akatazama kitambaa kilichofunika, akauliza, "Vya moto?" Nikasema vya moto. Akatoa shilingi 1,000, nikampa vitano, akala kimoja palepale chini ya paa la duka, akaenda zake. Alasiri kijiweni hakusema lolote. Kesho yake akawa pale kwenye kona tena, na mwenzake.

Nasema hili kwa ajili ya wanaokitukana kijiwe. Husemwa kwamba kijiwe kinaua vijana. Mimi miaka ile mitano kijiwe ndicho kilichoniweka hai. Kulikuwa na miezi ambayo kama si wale wanaume kunipa kahawa kwa mkopo na kuniuliza jana ulipotelea wapi, sijui ningeishia wapi, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Hawakuwa na kazi ya kunipa. Walinipa nafasi kwenye benchi, na hiyo walikuwa nayo kidogo pia.

Wiki ya tatu, alfajiri moja, mpwa wangu alitoka kwenda chooni akapita ananitazama kwa macho yenye usingizi. Aliporudi ndani nilimsikia mama yake akiuliza nani yuko uani. "Mjomba yupo," akasema, akalala.

Kilichonigeuza hasa, kama ni lazima nitaje kitu kimoja, ni hesabu. Nina shahada ya uhasibu. Miaka mitano niliishi nyumba moja na biashara na sikuwahi kuipigia hesabu, kwa sababu niliiona ni shughuli ya mama, si biashara. Katika wiki ya nne, mchana, nilichukua daftari la zamani la mpwa wangu, nikageuza nyuma nikaandika. Mchele kilo mbili, 5,600. Nazi tatu, 2,400. Sukari nusu kilo, 1,500. Hamira na iliki, 600. Mafuta, 1,500. Mkaa, 1,200. Jumla 12,800. Mapato: vitumbua 60 vya mgahawa kwa 150, ni 9,000. Vitumbua 30 vya barazani kwa 200, ni 6,000. Jumla 15,000.

Shilingi 2,200. Nikarudia kujumlisha, nikifikiri nimekosea. 2,200 kwa kuamka saa tisa usiku.

Na karibu kila asubuhi kwa miaka mitano, nikitoka chumbani saa nne, nilikuta kando ya sahani ya vitumbua shilingi 1,000 imewekwa chini ya kikombe. Ya bando. Sikuwahi kuiomba, ilikuwa ipo tu, na nilifikiri ni chenji. Nilikuwa nachukua karibu nusu ya faida ya mama yangu kila siku, nikaitumia kusikiliza watu wakiniambia niamke mapema.

Nilikaa na daftari lile mpaka alasiri. Sikwenda kijiweni. Sikumwambia mama chochote. Ningemwambia nini ambacho yeye hakukijua? Aliijua 2,200 vizuri kuliko mimi, aliijua kwa vidole, bila daftari. Aliigawa kila siku, na sehemu yangu haikuwahi kupungua hata siku mchele ulipopanda bei.

Siku iliyofuata nilizungumza na mama wa mgahawa. Nilimwonyesha daftari, nikamwambia kwa bei ya 150 tunajichoma mikono bure. Alibishana, kama mfanyabiashara anavyopaswa, tukafika 170, kwa sharti kwamba nivipeleke mwenyewe saa kumi na moja na nusu kamili kabla wateja wa daladala hawajafika. Nazi nikaanza kununua kwa pamoja kutoka kwa mtu anayezileta kutoka Pangani. Faida ikafika 4,000, kisha 4,500. Ni fedha ndogo. Naziandika hapa kwa sababu ni hesabu za kwanza nilizowahi kufunga ambazo mtu alikula kutokana nazo.

Hogo lilifunguliwa mwanzoni mwa Juni. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo hadithi za watu waliobadilika huruka. Asubuhi ya kwanza mama alipoamka mwenyewe, nilimsikia, nikageukia ukutani, nikalala mpaka saa tatu. Kesho yake saa nne. Wiki mbili zikapita hivyo. Simu ikarudi usoni usiku, tovuti ya ajira ikarudi, na ile hisia kwamba wiki sita zilizopita zilikuwa dharura tu na sasa maisha yangu halisi yataendelea, yaani kusubiri. Nilishangaa jinsi shimo lilivyonipokea. Lilikuwa na umbo langu.

Mama hakuniita. Shilingi 1,000 ikawa inarudi chini ya kikombe.

Kilichoniamsha ni mlio wa mbuzi. Kabla ya kuvunjika mkono, mama alikuwa anakuna nazi kwa mwendo mmoja, kwachu kwachu kwachu, nimelala na mlio huo tangu utotoni kiasi kwamba sikuusikia tena. Sasa ulikuwa unakwenda mara tatu, unasimama. Mara mbili, unasimama. Nilikuwa macho, saa kumi kasoro usiku, nikisubiri uanze tena. Ule ukimya katikati ndio niliousikia. Alikuwa anapumzisha kifundo kila baada ya mikuno miwili mitatu na wala hakumwambia mtu kwamba kinauma. Niliinuka. Sikuwasha taa. Nilipofika uani hakugeuka kunitazama. Alisogea tu kwenye kigoda, akaninyooshea nusu ya nazi, akaenda kuwasha mkaa.

Tangu hapo siku nilizolala ni chache, na kila niliyolala naikumbuka.

Umepita mwaka na zaidi. Nisiwadanganye wanaosoma haya wakiwa mahali nilipokuwa: kazi ya ofisini sijapata. Bado naomba, lakini sasa naomba Jumamosi mchana, saa mbili, kisha nafunga. Nina deni la mkopo wa elimu ya juu kama wengi tuliosoma kwa mkopo. Nilikuwa sifungui hata ujumbe wake, mwaka huu niliufungua nikasoma tarakimu yote mpaka mwisho, nikaanza kupeleka kidogo. Sijaoa. Kitanda nimekitia mbao mpya. Begi la mgongoni nimeliteremsha kabatini, analitumia mpwa wangu shuleni.

Kuna vitu vidogo ambavyo sikuvitegemea. Naweza sasa kwenda msibani na kutoa rambirambi yangu na kukaa bila kuangalia chini. Kundi la harusi la marafiki wa sekondari, nililolikimbia kwa aibu ya mchango, nimerudi. Nilichanga 20,000, nikapelekewa kadi, nikaenda, nikacheza. Ramadhani iliyopita kila kitu kiligeuka, watu hutaka vitumbua vya futari, basi tukawa tunakaanga alasiri, na foleni ikafika kwa jirani wa tatu. Watoto walikuwa wananiamkia shikamoo mjomba, nami nikaitikia marahaba bila ile hofu ya zamani kwamba swali litakalofuata ni unafanya kazi wapi. Usiku najua nitakapokuwa saa kumi alfajiri. Kwa mtu aliyekaa miaka mitano bila kujua hata alipokuwa saa ileile, hicho ni kitu kikubwa, na sitakidogosha ili nionekane mnyenyekevu.

Hofu haijaisha. Kuna usiku nafikiri, je, nitakuwa na miaka 60 nakalia mbuzi? Kisha nafikiri mama ana miaka 68 na ndiko alikokaa, na nyumba nzima ilisimama juu ya kigoda kile. Sijapata jibu linalonitosha. Naloweka mchele.

Mwezi uliopita binti wa mdogo wake mama aliolewa Pangani. Mama alikuwa hajalala nje ya nyumba hii kwa siku zaidi ya moja tangu baba afariki, vitumbua havikumruhusu. Safari hii dada alimfungia begi, nikampeleka kituoni, akapanda basi akiwa amevaa kanga mpya, ananipa maagizo dirishani mpaka gari likaondoka: mafuta yale ya dumu dogo usiyatumie, mama wa mgahawa anadaiwa 3,400, funika mkaa mvua isije.

Alikwenda kwa siku tatu. Usiku wa kwanza, saa tatu na nusu, akanipigia. Nyuma yake kulikuwa na ngoma, na wanawake wanacheka, ikabidi apaze sauti.

"Mchele?"

"Nimeshauloweka."

"Haya," akasema. Kisha akaanza kunisimulia bibi harusi alivyovaa.